Mkamwana Hakukana

Mahindi ya Mado yalikufa yamesimama. Hayakuliwa na wadudu wala hayakuibwa. Yalisimama tu shambani, nyuma ya mtaa, huku Annexe, pembezoni mwa mji, majani yamejikunja, na ukiyagusa yanavunjika. Januari ilikuwa inakwisha. Mvula ya Desemba ilikuwa imekwenda zake kama mgeni aliyeudhiwa, na bei ya unga imepanda Lubumbashi nzima. Wanawake waliozoea kununua mfuko sasa walinunua kopo, na kopo lenyewe wenye maduka walikuwa wamelibonyeza kitako ili lishike kidogo.

Mtu mmoja tu mtaani alilifurahia jua hilo, na hakujua kuficha. Mzee Kapya alikuwa fundi wa matofali. Alichimba udongo wa kichuguu, akaukanyaga kwa miguu, akaufyatua kwa kibao, akaanika matofali juani, kisha akayapanga tanuru na kuyachoma. Tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope, kwa hiyo kila fundi wa matofali huomba jua. Hilo hata mtoto wa Annexe analijua. Tena watu husema mafundi hao hawaishii kuomba. Husema wanajua kuifunga mvula: fundo kwenye kamba, pembe iliyofukiwa chini ya tanuru, mambo ambayo kila mtu ameyasikia na hakuna aliyeyaona. Kapya akiulizwa pampuni, watu wakiteka maji, "Muzee, mvula iko wapi?" alicheka kwa meno yake yaliyobaki, akajibu, "Niliifunga. Munipe kuku mbili, nitaifungua."

Mwaka wa mavuno wangecheka naye. Mwaka huu alicheka peke yake. Mdomo huponza kichwa, lakini Kapya alikuwa mtu wa utani tangu ujana, na mzee hafundishwi kunyamaza.

"Tata, muache ile maneno," mkamwana wake Honorine alimwambia asubuhi hiyo, akimwekea chai isiyo na sukari. "Bantu beko na njala. Habacheke tena."

"Njala njo inaomba kucheka."

"Beko banasema ni kweli, Tata."

"Baseme. Kama ningejua kufunga mvula, ile yote ilininyeshea matofali hii miaka yote, ningeiacha?"

Godefroid, mwanawe Kapya na mume wa Honorine, alikuwa akifunga viatu. Zamani alikuwa dereva wa kampuni moja ya mgodi. Walipomwachisha kazi akarudi kwenye tanuru la baba yake, na siku hiyo alikuwa anakwenda mjini kutafuta mwenye lori wa kununua matofali. Alimtazama mkewe aliyevaa blauzi nyeupe yenye beji ya shirika.

"Leo njo mutihani ya kusikiliza bantu banalia?"

"Njo leo."

"Na bakilia muzuri, banakulipa?"

Honorine alijua ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa nesi katika kituo cha afya cha mtaa. Shirika moja lilikuwa limemchagua pamoja na manesi wengine, wanasaikolojia na wafanyakazi wa jamii, wafundishwe katika ukumbi mmoja katikati ya mji jinsi ya kuwasaidia watu ambao roho zao zimelemewa na ukame, mafuriko na joto. Ambaye angefaulu zoezi la mwisho, la kuongoza kikundi cha watu wa mtaa wake, angebaki na kazi ya shirika, na mshahara unaofika kila mwezi, jambo ambalo nyumba hiyo ilikuwa imelisahau. Lakini haikuwa fedha tu. Desemba alikuwa amempokea kituoni mwanamume aliyekunywa dawa ya wadudu baada ya shamba lake kukauka, akamfia mikononi. Tangu siku ile Honorine aliamini kabisa kwamba ukame una wagonjwa wake kama malaria ilivyo na wake.

Mwalimu wao, Daktari Myriam, alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila siku. Usibishane na maumivu. Usimsahihishe anayelia. Mwambie umemsikia, basi. Honorine aliikariri njiani kama Salamu Maria.

*

Viti vya plastiki vya kukodi vilipangwa duara ndani ya chumba cha chanjo, kituoni kwa Honorine. Daktari Myriam alikaa nyuma, kalamu mkononi, kumpima mwanafunzi wake. Walikuja wanawake wengi na wanaume wachache. Mado alikuja na mwanawe Merdi, kijana wa mabega mapana ambaye siku hizo hakuwa na la kulima.

"Kila muntu aseme ile inamuumiza ku roho," Honorine alisema. "Hapa hakuna muntu atamukatala. Ile tutasema hapa, itabakia hapa."

Mwanamke mmoja alisema moyo unamwenda mbio kila akiona jua linachomoza. Mwanamume mmoja alisema anawapiga watoto wakiomba chakula, kisha anakwenda chooni kulia. Honorine alisikiliza na kila mmoja alimwambia amemsikia, na kweli mabega yao yalishuka kidogo. Alijisikia mtu wa maana. Kisha Mado akasimama.

"Miye sina na ugonjwa ya kichwa," alisema. "Niko na hasira. Na hasira yangu iko na jina. Shiye tunaliaka hapa sawa batoto, na ule mwenye kufunga mvula eko kule anachoma matofali yake. Muzee Kapya njo anatuua."

Macho yote yalimgeukia Honorine, maana kila aliyekaa kwenye duara lile alijua Kapya analala nyumbani kwa nani.

Annexe kuna desturi. Mtu wa nyumba yako akitajwa kwa bulozi, yaani uchawi, hukai. Unainuka hapo hapo, unapiga kelele, unavua kitambaa kichwani unakitupa chini, unaapa kwa marehemu wako na kumwita msemaji mwongo mbele ya watu wote. Hata kama humpendi mtajwa, hata kama mna ugomvi. Ukikaa kimya umekubali, na aliyekubali ni shahidi kutoka ndani ya nyumba. Hapo hakuna tena cha kuuliza. Honorine alizaliwa na kukulia katika desturi hiyo. Mkono wake ulikwishafika kwenye kitambaa.

Akamwona Daktari Myriam. Daktari alikuwa ameinua kiganja polepole, kama mtu anayemtuliza mtoto: kaa, usibishe. Uso wake ulikuwa mwema. Honorine akafikiri juu ya yule mwanamume wa dawa ya wadudu, akafikiri juu ya mshahara, na mkono ukashuka.

"Nimekusikia, Mama Mado," alisema.

"Ulinisikia?" Mado aliuliza, kama asiyeamini bahati yake.

"Nimekusikia. Iko inakuumiza sana."

Merdi alikuwa wa kwanza kutoka. Wengine walimfuata mmoja mmoja bila kuaga wala kungoja sala ya kufunga, na viti viwili vikaanguka.

Daktari Myriam akaja akitabasamu. "Très bien, Honorine. Haukumukatala. Ile hasira ilitoka."

"Docteur, ule muzee njo tata ya bwana yangu. Analalaka mu nyumba yangu."

Tabasamu la daktari likafa. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Balimutaja mbele yako. Miye nilikuwa nakuangalia weye."

Huko nje sufuria zikaanza kugongwa, kwanza moja, kisha nyingi, kisha firimbi. Daktari Myriam alikuwa mtu wa mjini, lakini alikuwa mtu wa Lubumbashi, na sauti hiyo ya umati unaokwenda kumpiga mtu aliijua. Alichukua funguo za gari akakimbia; Honorine alikwishatoka kwa miguu.

*

Kapya alikuwa juu ya tanuru akipanga safu ya mwisho. Aliwaona wakija na vumbi lao, wanaume mbele na majembe, wanawake nyuma na sufuria, akajifuta jasho.

"Mulileta ile kuku?" aliuliza.

Nusu tofali likampiga mdomoni. Alianguka kutoka juu ya tanuru kwa mgongo, na kabla hajapata pumzi walikuwa wamemzunguka.

"Fungua!" Merdi alipiga kelele. "Fungua mvula!"

"Nifungue nini, batoto yangu?"

Merdi alimpiga kwa mpini wa jembe. Mzee aliinua mkono kujikinga, na wote walisikia mfupa ulipovunjika. Hakuna aliyerudi nyuma. Wakampiga mateke mbavuni, wakampiga mgongoni, mwanamke mmoja akamwondolea shati ili watazame kama ana chale. Wengine wakarukia matofali mabichi yaliyoanikwa, wakayakanyaga mpaka yakawa vumbi. Wengine wakachimba chini ya tanuru kutafuta pembe. Hawakupata pembe. Walipata kopo la sardini lenye kamba, ambalo Kapya alilitumia kutekea maji ya kulowesha kibao. Kamba ilikuwa na fundo, maana kopo halishiki kamba bila fundo.

"Njo ile! Njo ile!" walilia, na kopo likapitishwa juu ya vichwa.

Kapya akafanya kosa la mwisho la maisha yake, kosa ambalo mtu yeyote mwenye maumivu angelifanya. "Bon," alisema, damu ikimtoka. "Muniache. Nitaifungua. Nafungua sasa."

"Mumesikia? Anakubali!"

Honorine alifika akikimbia, kichwa wazi, kitambaa amekwishakitupa njiani. "Bwongo!" alipiga kelele. "Munasema bwongo! Naapa kwa mama yangu aliyekufa! Tata hana kosa!" Alilia maneno yote aliyopaswa kuyasema ndani ya kile chumba, kwa mpangilio ule ule wa desturi, na hakuna aliyeyataka tena. Mado alimkamata blauzi kifuani.

"Kule ulinyamaza," alisema. "Weye unalala naye mu nyumba moja, unamupikia bukari, na ulinyamaza. Sasa unalia nini?"

Daktari Myriam alishuka garini akisema yeye ni daktari, wamwachie mgonjwa. Tofali lilivunja kioo cha gari, na la pili likampasua paji la uso. Aliendelea kwenda mbele akiwa haoni kwa damu, akashika miguu ya mzee, akaivuta, mpaka mtu akamkamata nywele na kumtupa kando.

Tofali bichi haliui haraka, hupasuka kwanza lenyewe. Kwa hiyo walichukua yaliyoiva, yale mekundu yaliyokuwa yanangoja lori. Kapya aliisikia sauti ya Honorine, akageuza kichwa upande ule, na Merdi akamshushia tofali kwa mikono miwili juu ya sikio. Baada ya hapo walikuwa wanapiga maiti, na waliendelea kuipiga kwa muda mrefu.

Polisi walifika mambo yamekwisha. Waliuliza nani aliona, hakuna aliyeona. Wakaomba fedha za mafuta ya kubebea maiti. Daktari Myriam, kitambaa kimefungwa kichwani, akawatazama kwa macho mekundu, akawasha gari lake lisilo na kioo, na ni gari hilo lililompeleka mzee hospitali, kichwa chake mapajani mwa mkamwana aliyenyamaza.

*

Siku ya maziko mvula ilinyesha.

Ilianza padri akiwa bado anabariki kaburi, matone mazito ya mbali mbali, na jeneza liliposhuka ikawa inamwagika. Upepo ukaleta sauti kutoka mtaani. Godefroid, koleo mkononi, alidhani kwanza ni kilio. Kisha akatambua. Vilikuwa vigelegele. Wanawake walikuwa wametoka barabarani wakiinua mikono, watoto uchi wanaruka kwenye madimbwi, na Mado, waliosimulia walisema, alipiga magoti shambani mwake akila mvula kwa mdomo wazi. Lisemwalo lipo, waliambiana. Alikufa, ikafunguka. Ushahidi gani tena?

Godefroid alijaza kaburi peke yake. Hakumruhusu mtu kugusa koleo.

Ndugu waliokuja kwenye kilio walikula kilichokuwapo, wakalala, wakaondoka. Jioni walipoondoka wa mwisho, Godefroid alikaa kizingitini na tupa, akinoa panga, binti yao Princesse akiwa chumbani. Honorine alikuwa akiwasha jiko la mbabula, makaa yamelowa, moshi unamtoa machozi, au hakuwa moshi.

"Bananiambia ilitokea mu kikundi yako," Godefroid alisema bila kugeuka.

"Njo."

"Nani alitaja jina ya tata wa kwanza?"

"Siwezi kusema."

"Docteur wako alikukataza?"

"Niliahidi bantu."

"Uliahidi bantu." Tupa ilikwenda na kurudi. "Na miye? Uliniahidi mbele ya padri. Tata alitajwa, ulinyamaza. Sasa miye nakuuliza, unanyamaza tena. Juu ya bengine iko na siri. Juu ya shiye hakuna."

Ilikuwa kweli tupu.

"Jina moja, Mama Princesse. Moja tu. Sitakuomba kitu ingine mu maisha."

Alisimama mbele yake na panga. Hakuwa anapiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Honorine. Alimchukia Mado kwa moyo wake wote. Jina lilikuwa limekaa kwenye ulimi, tayari, na kulitema kungekuwa raha. Lakini alikwishaona jina moja likitoka mdomoni mwa mtu na linakoishia. Aliona lile sikio tena, na tofali jekundu. Mado alikuwa na mtoto anayenyonya.

"Miye," alisema.

"Miye nini?"

"Jina unatafuta njo yangu. Honorine. Bote baliniangalia, bangenisikia miye. Neno moja tu, tata angekuwa eko hapa anakunywa chai. Njo miye nilimuua. Kata sasa, tumalize."

Godefroid alimpiga mdomoni kwa mgongo wa panga. Honorine alianguka juu ya mbabula, makaa yakasambaa, na meno mawili ya mbele yakamtoka pamoja na damu. Godefroid alisimama juu ya ile damu akiitazama, panga limeinuliwa tena. Kisha akalitupa ukutani, akakaa chini kwenye majivu akaanza kujigonga kichwa kwenye ukuta uliojengwa kwa matofali ya baba yake. Princesse alipiga kelele kutoka chumbani mpaka sauti ikakauka. Mume hakuomba msamaha, na mke hakuudai. Tangu jioni ile hawakusemezana.

*

Shirika lilituma pole, na katika simu hiyo hiyo likauliza kama viti vya kukodi vimerudishwa.

Daktari Myriam alikuja mwenyewe, nyuzi bado ziko kwenye paji la uso. Alikaa ukingoni mwa kitanda akautazama mdomo wa Honorine.

"Nani alikufanya vile?"

"Nilianguka ku mbabula."

Daktari hakubisha. Alishika mkono wake. "Ile zoezi, nimeitoa," alisema. "Sitaifundisha tena sawa vile. Ningekuuliza kwanza unatoka wapi, beko banani mu nyumba yako. Sikuuliza. Nitabakia na ile."

"Docteur, musiache kuya kwetu," Honorine alisema, maneno yakipita penye mwanya yakitoa mluzi. "Bantu beko bagonjwa kweli. Ile haikukuwa bwongo."

Mvula iliyoshangiliwa haikukatika. Ilinyesha Februari nzima kama iliyolipwa. Mahindi machache yaliyofufuka yalioza mizizi, vyoo vikafurika, na nyumba za matofali mabichi, ambazo ndizo nyumba za maskini wa Annexe, zikaanza kulainika na kukaa chini. Ukuta wa Mado ulianguka usiku, ukamvunja mtoto wake wa tatu mguu. Princesse akarudi kutoka pampuni na ndoo nusu.

"Mama," alisema, "beko banasema papa njo alifungua mvula yote, ju ya kulipiza kifo ya Shikulu Kapya."

Honorine aliweka chini alichokishika. Aliijua njia ya maneno hayo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakumwuliza daktari wala shirika. Alipita mlango kwa mlango akiwaita watu wa kikundi kile, waje siku inayofuata chumba cha chanjo. Alipotoka nyumbani kwenda huko, Godefroid aliinuka akamfuata kwa nyuma, panga limefungwa kwenye gunia. Alikuwa amengoja mkutano huo. Alijua aliyetaja jina atakuwapo. Honorine alimsikia akikanyaga maji nyuma yake njia nzima, na alijua anachokifuata, na bado aliendelea kwenda, kwa sababu asipokwenda wangekuja wao. Godefroid alikaa barazani chini ya bati, mgongo ukutani, kando ya mlango wa mbao.

*

Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza. Walimsalimu kwa furaha, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Mama Princesse, pole ya mudomo," Mado alisema. "Tena hatukukushukuru. Ile siku ilinisaidia. Zamani nilikuwa silale, nilikuwa naona mahindi mu ndoto. Nilisema ile neno, na ile usiku nililala sawa mutoto."

Wengine walitikisa vichwa. Nao walilala. Mwanamume yule wa kuwapiga watoto alisema hajampiga hata mmoja tangu siku ile. Walikuwa wanasema kweli; dawa ilikuwa imefanya kazi.

"Mais sasa inatukazia tena," Mado aliendelea. "Nyumba inaanguka. Mutoto yangu alivunjika muguu, analia muchana na usiku. Na hii nayo iko na jina, Mama Princesse. Hata kama iko mbaya kwako, utusikie. Iko na jina."

"Nyamaza," Honorine alisema.

Mado alishangaa. "Ulisema hapa hakuna muntu wa kukatala mwingine."

"Nilikosea. Leo nakukatala." Honorine akaenda katikati ya duara. Aliinua mdomo wa juu kwa vidole viwili ili wote waone ufizi uliopasuka. "Muangalie. Haiko kuanguka. Kisha kumuzika tata, Godefroid aliniuliza nani alimutaja wa kwanza. Panga ilikuwa mu mukono. Nilijua nani. Hata mwenyewe anajua. Nikamupatia jina yangu."

Mado alikuwa anautazama mdomo ule na hakuweza kuondoa macho.

"Anatuogopesha tu," Merdi alisema, akainuka.

"Kaa, Merdi. Eko hapa inje, nyuma ya hii mulango. Anasikia yote munasema, na mulivyolala muzuri, anasikia." Akamgeukia Mado. "Sasa sema ile jina ulitaka kusema. Sema kwa nguvu."

Barazani gunia lilianguka sakafuni.

Honorine alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliruka akauegemea mlango kwa mgongo, na msukumo wa kwanza ulimpata hapo, ukampiga kisogo kwenye mbao.

"Fungua, Mama Princesse," sauti ya Godefroid ilisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu jioni ile.

"Hapana."

"Ni yeye? Ni Mado?"

"Sisemi."

Alisukuma tena kwa bega, na bawaba ya juu ikang'oka. Miguu ya Honorine iliteleza kwenye saruji iliyolowa, akajikaza. Wanawake walikimbilia pembeni wakipiga kelele, mmoja akaangusha meza ya chanjo. Merdi alishika miguu ya kiti akakiinua. Ncha ya panga ikapenya kati ya ubao na ubao, karibu na shingo ya Honorine, ikachana blauzi begani, na damu ikaanza kushuka kwenye mkono.

"Weka chini ile kiti," Mado alimwambia mwanawe.

"Mama—"

"Weka, nakuambia!"

Alikuja mlangoni kwa magoti. Akainuka mbele ya Honorine, uso wake karibu na ile ncha ya chuma.

"Godefroid," alisema. "Njo miye. Miye Mado, mama ya Merdi. Njo miye nilitaja tata yako. Sikumuona na kitu. Hakuna siku nilimuona na kitu. Mahindi ilikufa, na nilitaka muntu."

Mlango ukaacha kusukumwa. Kwa upande wa pili mtu alikuwa anahema kama aliyetoka kukimbia mbali, na kuhema kukageuka kuwa kilio, kilio cha mwanamume asiyejua kulia. Mado naye alikuwa analia. Merdi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa amekifunika kwa mikono kama anayesubiri kupigwa. Panga lilibaki pale kati ya mbao, halikwenda mbele wala halikurudi nyuma, na Honorine hakuondoa mgongo wake mlangoni.